Mtutu wa Garand haufai kuwa makali

Wanaosifia kisu kilichotengenezwa kwa sehemu za bunduki kuukuu ya jeshi la Marekani, M1 Garand, wautazame mpini kwanza. Silaha hiyo, iliyopitishwa mwaka 1936, ina kitako cha mti wa jozi kilicholishwa mafuta miaka mingi. Mpini wa kisu uliochongwa kutoka humo huvutia bila rangi yoyote.

Mtutu je? Chuma chake kilikusudiwa kuhimili msukumo wa baruti, na kaboni yake ni kama asilimia 0.5 tu. Chuma cha 1095, kipenzi cha wahunzi wa visu, kina karibu asilimia 0.95, ndiyo maana makali yake hudumu.

Kwa hiyo mhunzi makini huufua mtutu uwe pande mbili za kisu, 1095 ikikaa katikati kama makali. Kazi ndefu, lakini bunduki imo kweli kisuni.