MAKAA YA MAWE YAPIMWE GESI KWANZA



Sisi wa reli tulio wenyeji wa Marereni twaijua chumvi kuliko makaa ya mawe. Lakini makaa hayo hushushwa bandarini Mombasa kwa ajili ya viwanda vya saruji, na huko Kitui, katika bonde la Mui, yamo ardhini. Wenye mali huuliza: yatatoa joto kiasi gani? Sisi twasema liko swali lipasalo kutangulia: yameshika gesi kiasi gani?

Gesi hiyo ni methani. Haina rangi wala harufu. Ikifika sehemu 5 hadi 15 katika kila 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Mwaka 1972 mgodi wa Wankie, ambao sasa waitwa Hwange, nchini Zimbabwe, ulilipuka, wakafa watu zaidi ya 420.

Makaa hayashiki gesi sawasawa. Fikirini behewa la abiria. Ndani ya makaa mna vitobo vidogo mno, na gesi hukaa humo imenata ukutani, kama abiria vitini. Makaa yaliyozikwa chini sana na kuokwa na joto la ardhi hata yakawa magumu na meusi, kwa kawaida yana viti vingi. Yale machanga ya hudhurungi yana vichache. Maji nayo hukalia viti, kwa hiyo makaa yenye unyevu mwingi huiachia gesi nafasi ndogo. Mchanga na udongo uliochanganyika humo ni mzigo mtupu. Hata asili ya mimea ina hesabu yake: sehemu itokanayo na miti na magome, iitwayo vitriniti, mara nyingi hushika gesi zaidi kuliko ile iliyoungua kabla ya kufukiwa.

Kinachowazuia abiria hawa wasishuke ni mgandamizo wa chini ya ardhi. Makaa yakikatwa, mgandamizo hupungua, nao huanza kushuka. Wengine huendelea kushuka hata ndani ya meli na ghala lililofungwa. Kwa hiyo asije msimamizi akasema, "Makaa yetu yana gesi kidogo, hayana haja ya kupimwa." Mahali pasipopita hewa, kidogo hujaa.

Twataka kila tabaka lipimwe unyevu, udongo, ukomavu na gesi. Vipimo vibandikwe ukutani kwa Kiswahili. Wala mpakuzi asiingie tumboni mwa meli kabla hewa haijapimwa.

Hatuombi hisani. Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Ulimwenguni, wa mwaka 1995, wampa mchimba madini haki ya kujulishwa hatari na ya kuondoka penye hatari. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya usalama na afya kazini yataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi.

Basi ninyi mlio katika kamati hizo, itakeni karatasi ya vipimo. Isipoonyeshwa, mtu asiingie.

Umoja ni nguvu.