Tarehe Ikikataa, Asilaumiwe Mkulima

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, kila msimu wa kujisajili kwa pembejeo hurudi maneno yale yale: "Wakulima hawajui kujaza tarehe." Si kweli, na tuache kuyasema.

Sisi huandika siku, mwezi, mwaka. Wamarekani huanza na mwezi. Kisanduku cha tarehe kwenye fomu ya mtandaoni mara nyingi hufuata lugha iliyowekwa kwenye simu, hivyo fomu ile ile kwa jirani inaanza na siku na kwako inaanza na mwezi. Ndani ya mfumo, tarehe hutunzwa kwa mwaka, mwezi, siku. Mipangilio mitatu, halafu anayelaumiwa ni mwenye jembe!

Fomu ikikataa, una nafuu. Andika 25/07/1985 mahali panapoanza na mwezi, itagoma, maana hakuna mwezi wa 25. Hatari ipo kwenye tarehe 1 hadi 12. Ukiandika 04/07/1985 ukimaanisha 4 Julai, inapokelewa kimya kimya kuwa 7 Aprili. Katika mwaka zipo tarehe 132 zinazoweza kugeuka hivyo bila mtu kushtuka. Utagundua baadaye, taarifa zako zisipolingana na za NIDA. Hapo ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na mahindi hayasubiri fomu ndipo yahitaji mbolea.

Wapo wanaosema mkulima asome maelekezo. Maelekezo yapi? Fomu nyingi huandika "Tarehe si sahihi" na kuishia hapo. Anayetengeneza fomu aweke visanduku vitatu: Siku, Mwezi, Mwaka, na mwezi uandikwe kwa jina. Julai haiwezi kusomwa Aprili. Hiyo si kazi ya gharama.

Wakati tunasubiri, fanya haya:

1. Tazama namba yako ya NIDA. Tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Ikianza na 19850704, wewe umezaliwa 4 Julai 1985. Tarehe ya kwenye fomu ilingane na hiyo.

2. Kama fomu ina kalenda, chagua humo badala ya kuandika. Kalenda huonyesha jina la mwezi.

3. Ukijaziwa na mtu mwingine, mtajie mwezi kwa jina, naye akusomee kabla ya kutuma. Usione aibu kumwambia arudie.

4. Wewe mwenye duka unayewajazia watu kwa malipo, kagua kwanza simu yako inaanza na nini. Umelipwa ujaze sawasawa.

Nasi maofisa tulio mezani, mkulima akirudi na fomu iliyokataliwa, tuanze kukagua fomu kabla ya kumkagua yeye. Tarehe aliyozaliwa anaijua.