Ukikonda, Watu Watasema Nini?

Mwezi huu sitaanza na habari ya ndoa wala ya malezi. Nitaanza na kilo.

Siku moja ya Mungu, nyuma ya ibada, mama mmoja wa kwaya alibaki akiningojea mlangoni. Ni mama aliyenona vizuri, mwenye sauti ya nguvu. Amenipa ruhusa niandike habari yake bila jina. Akaniambia polepole:

— Papa Pasta, munganga anasema niko na sukari. Anasema nipunguze kilo kumi.

— Basi, mama, si upunguze?

— Minaogopa. Nikikonda, batasema niko na SIDA. Ao batasema bwana yangu hana tena falanga.

Nilitaka kucheka, lakini nikaona macho yake, nikanyamaza. Sababu woga ule ninaujua. Mimi mwenyewe nimeubeba pamoja na tumbo langu.

Tujue kwanza unatoka wapi. Wazee wetu walifika katika kambi za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Huko mfanyakazi alipewa posho ya chakula, yeye na jamaa yake. Bibi aliyenona alikuwa ushuhuda kwamba bwana yuko kazini. Ilipokuja Gécamines, ilikuwa vile vile: kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Kisha shimo la Kamoto likaanguka mwaka 1990, maduka ya muji yakaporwa mwaka 1991, na mishahara ikakawia miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaacha kazi ya Gécamines katika ile iliyoitwa kutoka kwa kupenda, hata kama wengi hawakuona pendo lolote ndani yake. Na katika miaka ile ile SIDA ilikuwa inawamaliza ndugu zetu mbele ya macho, nyama ya mwili ikitoka kidogo kidogo.

Mimi nilikuwa mtoto. Kwetu tulikula bukari mara moja kwa siku, mangaribi, na mtoto aliyechelewa alikuta sufuria inaoshwa. Ndiyo sababu nilipokuwa mtu mzima, sahani ikijaa mbele yangu, sikujua kuacha kitu. Mkono ulikuwa unakula juu ya njaa ya 1993.

Basi kwetu kukonda kuko na maana tatu: njaa, bwana bila kazi, na ugonjwa. Hakuna mtu aliyetufundisha maana ya ine, kwamba mutu anaweza kukonda sababu yeye mwenyewe ametaka.

Miaka mitatu iliyopita magoti yalianza kuniuma. Kupanda ngazi tatu za mimbari kulinipa jasho. Muuguzi akanipandisha kwenye mizani: kilo 104. Urefu wangu ni metre 1.68. Akafanya hesabu ambayo kila mmoja wenu anaweza kuifanya nyumbani: kilo, gawanya kwa urefu, kisha gawanya tena kwa urefu. Yangu ilitoka karibu 37. Kuanzia 25 munganga anasema umepita kipimo. Kuanzia 30 anasema ni ugonjwa wa kunenepa. Na presha ilikuwa juu.

Hapa niungame mbele yenu. Nilifanya mfungo. Nilitangaza ni mfungo wa maombi, lakini moyoni nilikuwa ninahesabu kilo. Nilikunywa maji mchana kutwa, na usiku nilikula kidogo. Nilipoteza kilo 9. Watu wakasema, Pasta anaomba sana! Nikakubali sifa ile. Nyuma ya miezi ine zote 9 zilikuwa zimerudi, na mbili juu. Nilifunga kwa uongo, na hata kilo nilizozitafuta sikuzipata.

Nilifikiri mimi ni muzaifu wa roho. Baadaye nikasoma habari iliyonifundisha. Mwaka 1944, wakati wa vita, chuo kikuu cha Minnesota kule Marekani kilitafuta wanaume wa kujifunza juu ya njaa. Kati ya waliojitolea walichaguliwa 36, vijana waliokataa kushika bunduki kwa ajili ya imani yao. Wengi walitoka katika makanisa ya Mennonite, Brethren na Quaker. Kwa majuma 24 walipewa chakula nusu, mpaka kila mmoja akapoteza karibu robo ya uzito wake. Hawa walikuwa vijana wa sala, wenye nia ngumu. Lakini waliota chakula usiku, walilamba sahani, walisoma vitabu vya upishi kama riwaya, walikasirikiana bule. Mfungo ulipoisha, walikula na kula bila kushiba, na mafuta ya mwili yakarudi kupita mwanzo.

Unaona? Mwili haujui kama unataka kupendeza ao kupona. Ukiunyima kwa gafla, unafikiri posho imekatwa, unapiga kengele ya njaa. Basi mutu aliyeanguka asijiite mwenye zambi kwa sababu ya njaa. Abadilishe njia.

Njia ni ipi? Mwaka 2002 Waamerika walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijawa ugonjwa. Wale walioambiwa wapunguze uzito asilimia 7 tu, na watembee dakika 150 kwa juma, hatari ya kupata ugonjwa wa sukari ilipungua kwao asilimia 58. Asilimia 7! Kwa mutu wa kilo 100 ni kilo 7. Hakuna aliyeombwa awe mwembamba kama fimbo.

Sasa tuingie jikoni.

Mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, ya ngazi ao ya chupa, kiko na kalori karibu 120. Ukimimina bila kupima mpaka sombe inaogelea, umeweka chakula cha pili ndani ya chakula. Pima kwa kijiko.

Sukre. Chupa ndogo ya kinywaji cha sukari iko na karibu vijiko 7 vidogo vya sukari. Kwenye matanga na ndoa tunakunywa mbili, tatu. Kunywa maji, na usione haya.

Bukari. Siikatazi, mimi ni mutoto wa Katanga. Lakini nilikuwa ninakula mlima wa bukari na kijiko cha mboga. Nimegeuza: lengalenga, matembele ao sombe ya mafuta kidogo inajaza nusu ya sahani, samaki ao kunde robo, bukari robo. Na tusile mara moja tu usiku kama miaka ile, kisha kwenda kulala.

Miguu. Kutoka Bongonga mpaka Bel-Air tunapanda moto kila mara. Dakika 150 kwa juma ni nusu saa siku tano. Acha moto mara moja kwa siku.

Ba baba, neno kwenu. Mama hawezi kubadilisha sufuria kama wewe unapiga meza ukiuliza mafuta iko wapi. Ugonjwa wa sukari ukiingia nyumbani, nyumba yote ndiyo inalipa.

Vijana, neno kwenu pia. Ninajua binti wanaomeza vidonge vya kunonesha ili wapate maungo, na vingine vimejaa kortizoni. Dawa ile inapandisha sukari na presha, inaoza mifupa, na kuiacha gafla ni hatari. Ukiisha kuzoea, usiache peke yako, ende kwa munganga. Na ninyi vijana wanaume mnaocheka binti mwembamba kwamba ni ubao, na binti mnene kwamba ni pipa: ni ninyi mnaowapeleka kununua vidonge vile.

Juu ya SIDA, tuseme wazi. Leo mwenye virusi anayekunywa dawa vizuri anaweza kuwa na mwili mzuri, na mwenye afya anaweza kuwa mwembamba. Macho hayapimi damu. Ni kipimo cha hospitali kinachopima. Lakini ukiona unakonda bila kutaka, usikae kimya: kifua kikuu na sukari yenyewe vinakondesha. Na wewe unayekunywa dawa ya sukari ao presha, usifunge wala kupunguza chakula kabla ya kuzungumza na munganga.

Mimi leo niko kilo 94. Imechukua mwaka na nusu, na mara mbili nilirudi nyuma, mara moja kwa sababu ya Noeli. Magoti yanapanda mimbari bila kelele. Bado mama mmoja wa sokoni ananiuliza kila juma, «Pasta, kanisa halikupi tena kula?» Ninamjibu, linanipa, ni mimi ninaacha.

Yule mama wa kwaya nilimuuliza swali moja: unataka kukonda juu ya nani? Alifikiri. Akasema mutoto wake wa mwisho yuko darasa la ine, na mama yake mwenyewe alikufa na sukari, mguu ukiwa umekatwa. «Ninataka kumuona mutoto anamaliza masomo, na miguu yangu yote miwili.»

Sasa anatembea asubui na mapema na ba mama wawili wa kwaya. Amepunguza kilo 4. Maneno yalianza, kama alivyoogopa. Jirani alimuuliza juu ya ukuta: «Mama, mbona unakonda vile, uko mugonjwa?» Akajibu kwa ile sauti yake ya kwaya, barabara yote isikie:

— Nilikuwa mugonjwa wakati nilinona. Sasa ninapona. Kesho saa kumi na moja na nusu tunapita hapa, uvae viatu.

Jirani alivaa. Sasa wako wanne.

Tuonane mwezi kesho.