Peptidi Katika Krimu za Uso: Mnunuzi Ana Haki ya Kuuliza

Mama anapojifungua, mkunga humdunga sindano ya oksitosini ili tumbo la uzazi likaze na damu isimwagike kupita kiasi. Oksitosini ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, zile ambazo ndizo matofali ya protini zote. Mnyororo huo una asidi amino 9 tu. Mwaka 1953 mkemia wa Marekani, Vincent du Vigneaud, aliiunda katika maabara, na mwaka 1955 akatunukiwa Nishani ya Nobel ya kemia. Mwaka 1963 Bruce Merrifield, naye wa Marekani, alibuni njia ya kuziunganisha asidi amino moja baada ya nyingine juu ya punje ndogo za plastiki, na kazi iliyokuwa ngumu mno ikawa nyepesi. Naye alipata nishani hiyo mwaka 1984.

Elimu hiyo hiyo sasa imefika madukani ndani ya vikopo vidogo vya krimu za uso. Maelezo ya biashara husema kwamba peptidi zilizomo hufuta makunyanzi na kurudisha ujana. Hapo ndipo msomaji hana budi kusimama na kuuliza. Mkunga hampaki mama oksitosini mkononi, wala hampi anywe, kwa sababu ngozi ingeizuia na tumbo lingeimeng'enya. Ikiwa ndivyo, peptidi ya krimu hupita wapi?

Swali hilo lisichukuliwe kuwa ni kejeli, kwa maana peptidi hizi zina msingi katika utafiti wa kweli. Mwaka 1973 Loren Pickart alitenga katika damu ya binadamu peptidi ya asidi amino 3 inayoshikana na madini ya shaba, akaona kwamba inazibadili chembe hai za ini lililozeeka zifanye kazi kama za kijana. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kipande cha asidi amino 5, kitokacho katika kolajeni changa, huzichochea chembe hai zilizooteshwa katika maabara zifume kolajeni zaidi. Kolajeni ndiyo protini inayoipa ngozi uimara wake, nayo hupungua kadiri umri unavyosogea. Inadhaniwa kwamba vipande vyake huwa kama vifusi chini ya ukuta: chembe hai zikiviona hujua kwamba pana mahali pa kukarabati.

Lakini chembe zilizomo katika chombo cha maabara hazina kitu cha kuzikinga, na zile za usoni zimefunikwa na ngozi ya nje, ambayo kazi yake hasa ni kuzuia vitu visiingie. Mwaka 2000 wataalamu wawili, Bos na Meinardi, walieleza kwamba molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 ni shida kupenya ngozi nzima. Kile kipande cha asidi amino 5 kina uzito wa daltoni 563. Ili kipatane na mafuta ya ngozi, wakemia walikiunganisha na asidi ya palmitiki, ile inayopatikana pia katika mafuta ya mawese. Hivyo kilizidi kupatana na mafuta, lakini uzito wake nao ukapanda hadi daltoni 802.

Je, ina maana kwamba hakuna kinachopita? La. Mwaka 2005 ilitangazwa taarifa ya jaribio la majuma 12 lililofanywa kwa wanawake 93 wenye umri wa miaka 35 hadi 55. Kila mmoja alipaka upande mmoja wa uso krimu yenye peptidi hiyo, na upande wa pili krimu isiyo nayo, bila kujua ipi ni ipi. Upande wenye peptidi makunyanzi yalipungua. Jaribio lilipangwa vizuri, na haifai kulidharau. Hata hivyo, lilifanywa na watafiti wa kampuni iliyo katika biashara hiyo, nao wanawake wote walikuwa weupe. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi zaidi, na jua haliizeeshi kwa kasi ile ile. Kumwuzia mwanamke wa Dar es Salaam au Mombasa matokeo yaliyopimwa kwenye ngozi isiyo yake ni kumfanya alipie jambo ambalo halikuthibitishwa kwake.

Wapo watakaosema kwamba krimu hizi hazimdhuru mtu, na kwamba kila mmoja ana uhuru wa kutumia fedha zake apendavyo. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini uhuru wa kununua hautimii pasipo kujua kinachonunuliwa. Katika jaribio lile peptidi ilikuwa sehemu 3 katika kila milioni, na kikopo cha dukani mara nyingi hutaja jina la peptidi bila kutaja kiasi. Zaidi ya hayo, mazoea ya kuamini maneno ya kibandiko ndiyo yaliyowafungulia mlango wauzaji wa vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni, ambavyo Tanzania ilivipiga marufuku baada ya kuona madhara yake. Sumu imekatazwa. Ahadi tupu nayo yastahili kuangaliwa.

Shirika la Viwango Tanzania, lenye dhamana ya vipodozi tangu mwaka 2019, lingefanya jambo jema kama lingemtaka kila mwenye kudai kwamba krimu yake huondoa makunyanzi aandike kwa Kiswahili mambo mawili: kiasi cha peptidi kilichomo, na aina ya ngozi iliyojaribiwa. Mfanyabiashara mwaminifu hatapata hasara kwa masharti hayo.

Wakati huo huo, kinga iliyo nafuu isisahauliwe. Huko Nambour, Australia, watu wazima 903 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu, na matokeo yakatolewa mwaka 2013. Waliotakiwa kupaka krimu ya kukinga jua kila siku ngozi yao ilizeeka kwa kiasi kidogo kuliko ya wenzao, tofauti ikiwa asilimia 24. Watu wa huko nao wengi ni weupe, lakini jua ni lile lile, na kofia pana au mtandio hauhitaji jaribio la maabara. Kwa watu wenye ualbino kinga hiyo si ya urembo, ni ya uhai.

Kemia ya peptidi imewaokoa akina mama wengi vitandani mwa uzazi, wala haikuhitaji matangazo. Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Krimu iliyo njema na ijiuze kwa vipimo vyake.