CHAVUA NAYO IHESABIWE

Kila siku wananchi wa Mombasa husomewa hali ya hewa. Huambiwa kama mvua itanyesha, upepo utavuma kutoka wapi na joto litafika kiasi gani. Mvuvi hupata habari za mawimbi kabla ya kushusha chombo chake majini. Lakini kuna kitu kimoja kilichomo katika hewa hiyo hiyo, tena chenye uwezo wa kumlaza mtu kitandani, ambacho hakitajwi hata kidogo katika utabiri huo. Kitu hicho ni chavua, yaani ule ungaunga wa maua unaopeperushwa na upepo.

Wako miongoni mwetu wengi ambao, masika yakishapita na nyasi zikatoa mashuke, hupiga chafya tangu alfajiri, macho yakawawasha na vifua vikawabana. Baadhi yao hujiambia kwamba ni baridi ya kusi. Wengine hukimbilia dukani kununua viuavijasumu, dawa ambazo haziwezi kuutibu mzio hata zikimezwa kwa pakacha. Fedha hupotea, siku za kazi na za masomo hupotea, na mwenye pumu huweza kupoteza kilicho kikubwa zaidi ya hivyo.

Chanzo cha maradhi haya si siri. Mwaka 1873 daktari mmoja wa Manchester, Uingereza, Charles Blackley, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya juu ya mwili wake mwenyewe, akathibitisha kwamba chavua ya nyasi ndiyo iliyomletea mafua ya kila mwaka. Hata tiara alirusha angani ili kuinasa. Leo yafahamika kwamba mwili wa mwenye mzio huikosea chavua kuwa adui, ukapigana nayo, na vita hivyo ndivyo vinavyovimbisha pua na kuziba njia za pumzi.

Pwani yetu haikosi mimea ya aina hiyo. Nyasi ziko kila mahali, nazo huchanua kwa kufuata mvua. Mivinje imepandwa kwa wingi Kwale na Kilifi kwa ajili ya boriti za kujengea. Na kule Bamburi ndiyo iliyotumiwa tangu mwaka 1971 kuyafufua machimbo ya saruji yaliyokuwa jangwa. Mvinje huitegemea pepo kusambaza chavua yake. Hatusemi mivinje ikatwe. Mti unaozuia mchanga na kumpa mkulima riziki hauna kosa. Tunachosema ni kwamba mwananchi ana haki ya kujua ni lini chavua imejaa hewani.

Ikiwa kuna anayeliona jambo hili kuwa dogo, na aangalie yaliyoufika mji mwingine wa bahari, Melbourne, nchini Australia. Jioni ya tarehe 21 Novemba 2016 dhoruba ya radi iliupiga mji huo wakati nyasi za malisho zilipokuwa zimechanua. Chembe za chavua zililowa zikapasuka, na vipande vyake vidogo vikapenya hadi ndani ya mapafu. Maelfu ya watu walifurika hospitalini, na 10 wakafariki. Wengi waliopatwa hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba wana pumu. Tangu mwaka 2017 serikali ya jimbo la Victoria hutoa utabiri wa hatari hiyo katika msimu wa nyasi. Hatudai kwamba msiba kama huo unatungoja sisi, kwani nyasi zile ni za nchi za baridi. Lakini ni vibaya kungoja jeneza ndipo tuanze kuhesabu.

Kuhesabu ndiyo kazi yenyewe, wala si kazi ya miujiza. Chombo kinachotumika huwekwa juu ya paa, kikavuta hewa lita 10 kwa dakika, karibu sawa na pumzi za mtu. Chavua hunata kwenye utepe unaozunguka polepole, kisha mtaalamu huuweka utepe huo chini ya hadubini akahesabu chembe na kuzitambua aina zake. Afrika ya Kusini inafanya hivyo katika miji kadhaa, Cape Town na Durban ikiwamo.

Watakuwapo watakaosema kwamba hospitali zina upungufu wa dawa na wauguzi, na kwamba huu si wakati wa kuhesabu vumbi la maua. Twaujua upungufu huo. Lakini dawa chache zapasa kufika mahali panapofaa kwa wakati unaofaa, na hilo haliwezekani bila kujua msimu wa maradhi. Wengine watasema kwamba simu za mkononi zina utabiri wa chavua tayari. Utabiri usioegemea hesabu iliyofanywa hapa ni bahati nasibu. Ulaya maua hungoja baridi iondoke. Hapa nyasi hungoja masika na vuli.

Wazee wa pwani hii waliihesabu siku za mwaka kwa miongo, makumi kwa makumi, kuanzia Nairuzi, ili mkulima ajue wakati wa kupanda na nahodha ajue wakati wa kutweka tanga. Walitabiri kwa sababu walihesabu kwanza. Nchi yetu nayo haikosi wajuzi: katika Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi, wako wataalamu wanaosoma chavua ya kale iliyozikwa katika matope ya maziwa. Ni ajabu kuijua chavua ya maelfu ya miaka iliyopita, tusijue ya asubuhi ya leo.

Kwa hivyo twaiomba serikali ya Kaunti ya Mombasa, ikishirikiana na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa na vyuo vikuu vya pwani, iweke angalau chombo kimoja mjini na kumfundisha mtu wa kukisoma. Hospitali nazo ziandike kwa tarehe idadi ya wanaofika wakiwa na pumu, ili baada ya miaka michache hesabu mbili hizo zilinganishwe na kalenda yetu wenyewe ipatikane.

Wakati huo huo, mwenye kifua kinachobana kila msimu asijitibu kwa kubahatisha. Amwone daktari apimwe, na dawa yake ya kuvuta isimwishie. Kujikinga na upepo kwataka kwanza kujua umebeba nini. Haba na haba hujaza kibaba. Chembe kwa chembe, tuanze kuhesabu.