Daftari la Wakala Lifungwe

Nenda Nyamisati asubuhi, wakati boti ya Mafia yangoja maji yajae, ukasimame kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu. Utaona mezani daftari la shule, limefunuliwa. Ndani yake mna jina la mvuvi, namba yake ya simu, kiasi alichotoa, sahihi yake, na mara nyingi namba ya kitambulisho chake cha Taifa. Anayefuata katika foleni huyasoma yote hayo huku akingoja zamu yake. Twauliza, ndugu wananchi: daftari hili lamlinda nani?

Tutajibiwa kwamba ni sheria. Kweli, tangu 2006 nchi yetu ina Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu, nayo yataka mteja atambuliwe na kumbukumbu zake zitunzwe. Asili ya kanuni hizo ni kikosi cha mataifa kilichoundwa Paris mwaka 1989, ambacho chataka kumbukumbu zikae si chini ya miaka 5. Oktoba 2022 kikosi hicho kiliitia Tanzania katika orodha ya nchi za kuangaliwa kwa karibu, na hatukutolewa humo mpaka Juni 2025, baada ya kazi kubwa. Hatusemi kazi hiyo ilikuwa bure. Watu wa Kibiti, waliozika ndugu zao katika mauaji ya 2017, hawana haja ya kufundishwa ubaya wa mambo yanayopangwa gizani.

Lakini ziko kanuni za namna nyingine. Mwaka 2004 makampuni makubwa ya kadi za benki yaliandika masharti ya kulinda taarifa za wenye kadi. Humo duka limekatazwa kabisa kuhifadhi ile namba ya siri ya nyuma ya kadi baada ya malipo kukubaliwa, hata kama litaigeuza kuwa fumbo. Tazameni tofauti. Kanuni za Paris zasema: andika, weka. Za wenye kadi zasema: usichokihitaji usikiweke, na unachokiweka kifungie. Zote zina haki. Ila mtu mwenye kadi, awe London au Dar es Salaam, amepata zote mbili. Mvuvi wa Salale, ambaye benki yake ni simu, amepata ile ya kwanza peke yake.

Wala hasara yake si ya maneno. Nani kati yetu hajapata ule ujumbe wa kutaka fedha itumwe kwenye namba fulani? Mwizi akiwa hajui kitu, twacheka na kuufuta. Akijua jina lako, na akijua kwamba jana umetoa fedha ya ufuta au ya kamba, uongo wake hufanana sana na kweli.

Tusiambiwe kwamba usiri hauwezekani. Sheria ile ile ya fedha haramu yamfanya mkosaji ofisa anayemdokeza mteja kwamba ametolewa taarifa. Basi siri ya Serikali yatunzwa kwa adhabu, na siri ya mvuvi yaachwa juu ya meza! Wazee wa Kenya walivishwa kipande shingoni, chenye alama za vidole, ili bwana awajue wao. Wao hawakuwa na njia ya kumjua bwana. Hatukupigania Uhuru ili tuandikwe tu.

Sheria ya kutulinda ipo. Ni ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Twaitaka Tume hiyo ishuke hadi Nyamisati na Mbwera, ipande mtumbwi kama sisi. Makampuni ya simu nayo yanatujua tayari kwa alama za vidole, maana laini zetu zilisajiliwa hivyo. Kwa nini basi wakala aandike tena namba ya kitambulisho kwa kalamu? Yampe kumbukumbu ya mashineni, au daftari lenye kufuli, na yamfundishe kazi hiyo kwa gharama yao, kwani wakala naye ni mnyonge mwenzetu na hakuitunga kanuni hii.

Na yafanyike kabla msimu wa korosho haujafunguliwa, maana ndipo madaftari hujaa.