UKIFICHA UPELE, MASHINE HAIONI KITU

Wafanyakazi wenzangu, na ninyi mama wa kambini,

Siku moja mfanyakazi wa shimoni alikuja dispanseri na vipele mikononi. Alikuwa navyo siku nane. Nilipomwuliza kwa nini alikawia, alijibu: «Muganga, mkinitenga, nani atanilipa siku zangu? Na bibi yangu atasema nini?» Haikuwa mpoksi, ulikuwa ugonjwa mwingine, tukautibu. Lakini jibu lake limenifanya niandike.

Kamituga, katika Kivu ya Kusini, ni mji wa wachimba dhahabu, watu wa kazi kama sisi. Kuanzia Septemba 2023, kwa muda wa miezi mitano, walihesabiwa huko watu 241 walioshukiwa kuwa na mpoksi, ile tuliyozoea kuita ndui ya nyani. Vipimo vilithibitisha 108, na wengi wao walikuwa vijana.

Waganga walichukua maji na magamba ya vidonda ili laboratwari ya taifa, INRB, ikisome kirusi chenyewe. Sisi wa mgodi tunaelewa kazi hiyo. Kipande cha jiwe kikipelekwa laboratwari, tunaambiwa mwamba una madini gani. Kirusi cha mpoksi nacho kina maandishi ndani yake, herufi karibu 197,000. Kinapopita kutoka mtu hadi mtu, mara moja moja herufi hubadilika. Mashine huzisoma, kisha kompyuta hulinganisha kirusi cha mgonjwa huyu na cha yule, na kutuonyesha ukoo wao: nani ni ndugu wa karibu, na ukoo ulianza lini.

Walikuta nini? Kwanza, kinga ya mwili wa mtu huacha alama zake katika herufi hizo, na alama zilikuwa nyingi. Maana yake, ugonjwa ulikuwa unapita kati ya watu, hasa wanaogusana kwa karibu na wanaolala pamoja. Haukuwa ukitoka kwa mnyama kila mara. Pili, lilikuwa tawi jipya, likaitwa Ib. Tatu, tawi hilo lilikuwa limepoteza kipande cha maandishi ambacho kipimo kimoja kilikitafuta. Kipimo hicho kingeweza kusema «hapana» mbele ya mgonjwa wa kweli.

Kufika Agosti 2024, tawi hilo lilikuwa limesomwa pia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Tarehe 14 ya mwezi huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza hatari ya dunia nzima. Tangazo liliondolewa Septemba 2025, lakini ugonjwa haukwisha.

Kompyuta hukadiria pia ugonjwa utaelekea wapi, kwa kuhesabu wagonjwa na safari za watu. Wengine husema: basi, tuwaachie wataalamu. Mimi nasema hapana. Mashine husoma kile tu kilichotiwa ndani yake. Ukificha upele, tawi moja la ukoo halionekani. Ukisema ulilala kambini, kumbe ulitoka safari, hesabu yote inakwenda njia isiyo yake.

Lakini si haki kumwomba mfanyakazi ukweli halafu tumwadhibu kwa ajili yake. Wakubwa wa timu, nawaomba: mtu aliyetengwa kwa amri ya muganga asihesabiwe kama mtoro, na siku zake zilindwe. Siku chache za mtu mmoja ni gharama ndogo kuliko timu nzima kulala. Wenzake wasimcheke.

Mama, usimfukuze mgonjwa nyumbani. Mtengee shuka na taulo zake, nawa mikono kwa sabuni, na watoto wasilale naye.

Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Njoo dispanseri siku ya kwanza ya upele, useme ulikotoka na uliokaa nao. Siri yako tutaitunza.